Leseni ikifutwa nchini, kampuni inafikaje Washington?

Mchimba_Hoja
Wakuu, sheria ya 2017 ya mamlaka ya nchi juu ya maliasili, kifungu cha 11, inataka migogoro iamuliwe na vyombo vilivyoanzishwa hapahapa Tanzania. Sasa kampuni za madini Winshear, Indiana na Montero walifikaje ICSID, kituo cha Benki ya Dunia kule Washington cha kusuluhisha migogoro ya uwekezaji, na wakalipwa? Na serikali ikishindwa kule, kuna rufaa?

Kifungu_cha_Mkia
Mkuu, hawakushtaki kwa leseni. Walishtaki kwa mkataba wa kulinda uwekezaji baina ya nchi na nchi: Winshear na Montero kwa ule wa Kanada, Indiana kwa ule wa Uingereza wa 1994. Humo Tanzania ilishatoa ridhaa ya usuluhishi mapema, na Bunge haliwezi kuifuta kwa sheria ya ndani. Hata mkataba ukivunjwa una mkia: ule wa Uholanzi ulikoma Aprili 2019 lakini unalinda uwekezaji wa zamani kwa miaka 15 zaidi.

Angalia mlango alioingilia Indiana. Imeorodheshwa kwenye soko la hisa la Australia, nchi ambayo hatuna nayo mkataba wa aina hii, ila nikeli ya Ntaka Hill, Nachingwea, ilishikiliwa kupitia kampuni za Uingereza. Anayesaini mkataba na nchi moja asidhani amesaini na wawekezaji wa nchi hiyo tu.

Kilichotuponza ni kanuni za Januari 2018 zilizofuta leseni zote za kuhodhi maeneo (za kushikilia eneo lenye madini kabla ya kuanza kuchimba) kwa mpigo, bila fidia. Ukishafuta aina nzima ya leseni, utamwonyesha mwamuzi kosa gani la kampuni hii moja?

Siku120
Rufaa hakuna. Kuna maombi ya kubatilisha tuzo (yaani uamuzi wa baraza la waamuzi), ndani ya siku 120, kwa sababu 5 tu, kama baraza kupindukia mamlaka yake waziwazi au kutotoa sababu za uamuzi. Kukosea tafsiri ya sheria si mojawapo. Maombi yanaweza kusimamisha malipo kwa muda, lakini riba haisimami.

Ndiyo maana watu hukaa mezani. Indiana ilishinda dola milioni 109.5 Julai 2023, Tanzania ikaomba ubatilishaji, na Julai 2024 wakamalizana kwa milioni 90 kwa awamu: 35, 25, kisha 30. Winshear (milioni 30, Oktoba 2023) na Montero (milioni 27, Novemba 2024) walimalizana kabla ya tuzo.

Mchimba_Hoja
Kwa hiyo serikali huwa haishindi?

Faili_la_Leseni
Hushinda. Kenya iliibwaga kampuni ya madini ya Cortec Oktoba 2018, katika madai ya takriban dola bilioni 2 juu ya Mrima Hill, Kwale. Leseni ilitolewa bila kibali cha tathmini ya athari kwa mazingira, tena ndani ya msitu wa hifadhi. Baraza likasema leseni ilikuwa batili tangu mwanzo, kwa hiyo hapakuwa na uwekezaji wa kulindwa. Cortec ikabebeshwa na nusu ya gharama za Kenya.

Kwa hiyo notisi ya mgogoro, yaani barua ya kampuni kwamba ina dai, ikitua wizarani, faili la leseni lifunguliwe kabla ya barua yoyote kujibiwa: cheti cha mazingira, idhini ya misitu, ada, tarehe za kuhuisha. Kipindi cha mazungumzo kabla ya kesi mara nyingi ni miezi 6, na mara nyingi huliwa na barua za kupigana chenga. Ila kasoro ya leseni iliyojulikana miaka mingi huku serikali ikiendelea kupokea ada hupoteza nguvu. Baraza litauliza mlikuwa wapi.