Meli ya kitalii na watoto wadogo, njia ipi afadhali?

MamaPacha: Habari zenu wapendwa, tuko Houston, tunataka kupanda meli pale bandari ya Galveston, Texas, na pacha wangu wa miaka 2, baba yao kang'ang'ania ile safari ya siku 7 ya Karibea, inayopita Cozumel (Mexico), Belize City na Grand Cayman, mie naiona ndefu. Mliowahi kwenda nisaidieni jamani.

BabaSalma: Dada, Belize City na Grand Cayman meli kubwa zinatia nanga mbali, mnashushwa kwa boti ndogo. Sisi tulipanga foleni na jua lile, kigari mkono huu, mtoto analia begani, tunafika nchi kavu kashalala. Chukueni ya siku 4 au 5 inayoenda Cozumel, pale meli inafunga gatini kabisa, watoto wakichoka mnarudi zenu kulala.

BiMwana: Kweli kabisa. Halafu ulizia pampasi, anayevaa hatiwi bwawa kubwa, hata zile pampasi za kuogelea, tafuta meli yenye sehemu ya maji ya wadogo. Na klabu za watoto nyingi zinapokea kuanzia miaka 3, kwa hiyo mtashinda nao wenyewe.

MamaPacha: Kumbe! Ahsanteni sana, leo leo namwonyesha baba yao.