Makala naambiwa nilipie ilhali chuo kina usajili, na utafutaji unaleta maelfu au sifuri

Tasnifu_Mbioni

Wakuu, naomba mwongozo. Mada ni matumizi ya simu za mkononi na usingizi wa vijana walio sekondari. Nimekwama pawili.

Kwanza, nikiwa nje ya chuo naipata makala kupitia Google Scholar, nabofya, tovuti ya mchapishaji inadai malipo. Maktaba inasema jarida hilo hilo tumeshalipia.

Pili, nikiandika mada yote kama sentensi kwenye PubMed au Scopus (hifadhidata za makala za kitaaluma) napata sifuri. Nikipunguza maneno, maelfu kwa maelfu. Nimeongeza NOT adult ili kuwaondoa watu wazima na idadi imeshuka, ila sijui kama ni njia sahihi. Nianzie wapi?

Meza_ya_Rejea

Nijibu la malipo, la utafutaji wengine watalieleza vizuri zaidi.

Mchapishaji hakujui kwa jina wala kwa namba ya usajili. Anachotazama ni anwani ya IP unayotokea, yaani namba inayotambulisha mtandao wako. Ukiwa kwenye mtandao wa chuo, IP ni ya chuo na mlango uko wazi. Ukiwa nyumbani, IP ni ya kampuni inayokuuzia intaneti, basi wewe ni mpita njia tu. Ndiyo maana maktaba nyingi huweka proksi, mara nyingi EZproxy: unaingia kwa nenosiri la chuo, kisha seva ya maktaba inauomba ukurasa kwa niaba yako. Maktaba nyingine hutumia OpenAthens; hapo unatafuta kwenye ukurasa wa mchapishaji kitufe cha kuingia kupitia taasisi na kuchagua jina la chuo.

Kama chuo chako kinatumia EZproxy, soma anwani iliyo juu ya kivinjari. Ikiwa www.jstor.org (tovuti ya JSTOR, hifadhidata ya majarida) imegeuka kuwa www-jstor-org ikifuatiwa na jina la seva ya maktaba yako, umo ndani. Ikibaki www.jstor.org tupu, uko nje, hata kama umeingia kwenye tovuti ya maktaba dakika moja iliyopita katika kichupo cha pembeni. Hapo ndipo wengi wanapopotea: kuingia maktaba kwenye kichupo kimoja hakubadilishi viungo vilivyofunguliwa kwenye kingine. Anza safari kwenye ukurasa wa maktaba, au tumia kiungo ambacho tayari kina kianzio cha proksi, yaani anwani ya seva ya maktaba mwanzoni mwake.

Kwa Google Scholar, fungua mipangilio, nenda kwenye viungo vya maktaba, tafuta chuo chako, weka tiki, hifadhi. Unaruhusiwa maktaba 5. Kama maktaba yako imeipa Google orodha ya majarida yake, kando ya matokeo kitatokea kiungo cha chuo. Bofya hicho, si kichwa cha makala.

Umeingia vizuri na bado unadaiwa? Angalia mwaka wa makala. Kulipia jarida hakumaanishi kulipia matoleo yote. JSTOR, kwa mfano, ina mpaka unaosogea kila mwaka: kwa majarida mengi yaliyo kwenye kumbukumbu zake, matoleo ya miaka 3 hadi 5 ya karibuni hayamo. Mikataba mingine huzuia miezi 12 ya mwisho. Orodha ya majarida ya A–Z ya maktaba inaonyesha usajili unaanza mwaka gani na unaishia wapi, na jarida moja linaweza kuwa kwenye hifadhidata mbili zenye miaka tofauti, kwa hiyo soma mistari yote. VPN binafsi (programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine) nayo izime, kwa kuwa inabadilisha IP yako na kuvuruga utambulisho.

Ikiwa mwaka wenyewe haumo, weka Unpaywall kwenye kivinjari. Inatafuta nakala halali iliyo wazi, kama ipo. Ikishindikana, iombe maktaba ikuagizie kutoka maktaba nyingine. Usitoe fedha zako mfukoni kabla ya kupita njia hizo.

Na tafadhali sana, usitumie programu ya kupakua makala kwa wingi. Mikataba inakataza, na mfumo wa mchapishaji ukiona mamia ya faili yanavutwa kwa mkupuo unaifunga IP ya proksi. IP hiyo ni ya watu wote, kwa hiyo chuo kizima kinafungiwa kwa sababu ya mtu mmoja.

Mstari_kwa_Mstari

Kwa utafutaji: acha sentensi. Hifadhidata haisomi maana ya sentensi yako, inatafuta rekodi zenye maneno hayo. Kila neno la ziada, hata lisilo na uzito, linazidi kubana.

Ivunje mada katika dhana. Yako ina tatu: vijana, simu, usingizi. Kila dhana iwe na mstari wake, na visawe viunganishwe kwa OR (lolote kati ya hayo linatosha):

1: adolescen* OR teenage* OR "high school student*"
2: smartphone* OR "mobile phone*" OR "cell phone*" OR "screen time"
3: sleep* OR insomnia

Tafuta mstari wa kwanza peke yake, kisha wa pili, kisha wa tatu. Halafu fungua historia ya utafutaji (kwenye PubMed iko ndani ya utafutaji wa kina) na uandike #1 AND #2 AND #3 (rekodi iwe na dhana zote tatu). Kwenye EBSCOhost, jukwaa jingine la hifadhidata, namba zake ni S1, S2, S3. Kwa njia hii huhitaji kuhangaika na mabano, na unauona kila mstari unaleta rekodi ngapi. Mstari ukileta sifuri au idadi ndogo kupita kiasi, kosa limo humo. Sahihisha huo, mingine iache. Ukiandika yote kwa pamoja huwezi kujua tatizo liko wapi.

Viunganishi (AND, OR, NOT) viandike kwa herufi kubwa. PubMed inataka hivyo, na kwingine haidhuru. Kinyota (*) huleta miisho yote ya neno, ila usikate mapema mno: cat* inaleta paka pamoja na category na catastrophe. PubMed inadai angalau herufi 4 kabla ya kinyota.

Kuna jambo ambalo halionekani kwa macho. Ukiandika insomnia bila alama yoyote, PubMed yenyewe inalioanisha na istilahi sanifu ya MeSH (orodha ya istilahi za tiba ambazo rekodi huwekewa), ambayo ni Sleep Initiation and Maintenance Disorders. Ukiweka kinyota au alama za kunukuu, uoanishaji huo unazimika kwa neno hilo. Kwa hiyo fungua hifadhidata ya MeSH, tafuta istilahi ya kila dhana, uiongeze kwenye mstari wake kwa OR pamoja na maneno yako ya kawaida. Usitumie MeSH peke yake, maana PubMed ina rekodi nyingi zilizo nje ya MEDLINE (sehemu yake iliyowekewa istilahi hizo) na hizo hazina MeSH kabisa.

NOT adult iondoe leo hii. Makala iliyolinganisha vijana na watu wazima ina maneno yote mawili. NOT inaitupa nzima, pamoja na data ya vijana unayoihitaji. Idadi imeshuka kweli, lakini huna namna ya kujua umepoteza nini. Tumia kichujio cha umri au acha mstari wa 1 ufanye kazi yake.

Faharasa

Nakubaliana na mistari mitatu. Naongeza kwamba mistari hiyo haihami kutoka hifadhidata moja hadi nyingine bila marekebisho, na mada hii haiishii PubMed: ina elimu ndani yake, kwa hiyo ERIC ni lazima, na saikolojia, kwa hiyo APA PsycInfo kama maktaba inayo.

Kwenye Scopus chagua sehemu ya kichwa, ikisiri na maneno muhimu. Ukitafuta sehemu zote, inafika hadi kwenye orodha za marejeo, na hapo ndipo maelfu yanapotokea. Matokeo yakibaki mengi, tumia ukaribu badala ya kuongeza maneno. Ukitaka maneno mawili yasitenganishwe na zaidi ya maneno 5, Scopus inaandika W/5, Web of Science NEAR/5, EBSCOhost N5. Dhana ni ile ile, maandishi tofauti.

Google Scholar nayo ina mipaka yake: haitambui kinyota cha kukata neno, inapokea herufi 256 tu, na hata ikikuambia imepata maelfu, itakufungulia matokeo 1,000 na si zaidi. Itumie mwishoni, kwa kazi moja inayoiweza vizuri: chukua makala mbili tatu zilizo karibu kabisa na mada yako, fungua orodha ya waliozinukuu, utapata kazi mpya ambazo maneno yako hayakuzinasa.

Kuhusu kutunza marejeo: Zotero, programu ya kazi hiyo. Kutoka PubMed tuma matokeo kama faili ya programu ya marejeo, kutoka kwingine pakua faili za RIS (muundo wa faili za marejeo), kisha ingiza zote na uunganishe nakala rudufu. Marejeo yaliyotoka Google Scholar mara nyingi huja bila DOI, namba ya kudumu ya makala. Ukiwa na DOI, ibandike kwenye kitufe chenye umbo la kijiti cha uchawi, Zotero italeta taarifa kamili yenyewe. Pia itakuonya ikiwa makala imefutwa na jarida, onyo ambalo faili ya PDF kwenye kompyuta yako haitakupa kamwe. Nafasi ya bure ya mafaili ni MB 300. Ikijaa, marejeo yanaendelea kusawazishwa, PDF ndizo zinazosimama.

Tasnifu_Mbioni

Asanteni sana. Malipo yamekwisha, ilikuwa kweli anwani haina jina la proksi. Mstari wa 1 na wa 3 unaleta matokeo. Wa 2 kwenye hifadhidata moja unaleta smartphone tu, vile virai vya maneno mawili ni kama havipo. Nimenakili kutoka Word, sijabadilisha herufi hata moja.

Mstari_kwa_Mstari

Word ndiyo iliyobadilisha. Inageuza alama za kunukuu zilizonyooka kuwa zile zilizopinda, na baadhi ya hifadhidata haziitambui alama iliyopinda. Zifute zote kwenye kisanduku cha utafutaji na uzipige upya kwa kibodi, utafute tena. Kisha mistari yako ihifadhi kwenye Notepad au kihariri kingine cha maandishi matupu, pamoja na jina la hifadhidata, tarehe na idadi ya rekodi kwa kila mstari. Sura ya mbinu itahitaji hayo yote, na historia ya PubMed inafutika baada ya saa 8 bila kutumika.