Joto mahususi la shaba linatoka dogo

Habari wakuu. Niko Nairobi. Shaba g 50 imechemshwa ndani ya maji dakika 10, ikatiwa kwenye maji g 100 ya 22.0°C, ndani ya vikombe viwili vya foamu vilivyopachikana. Maji yakafika 25.0°C. Nimechukulia shaba ilianza 100°C, napata joto mahususi (joto la kupandisha gramu 1 kwa nyuzi 1) la 0.334 J/g°C badala ya 0.385. Kasoro iko wapi?

Jibu 1: Kwenye hiyo 100. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, maji huchemka karibu 94.5°C. Pima yanapochemka, usikisie. Kwa joto mahususi la maji 4.18, na shaba kushuka 94.5 − 25.0 = 69.5: (100 × 4.18 × 3.0) ÷ (50 × 69.5) = 0.361.

Jibu 2: Sawa kabisa. Upungufu uliobaki ni joto linalopotea hewani na kwenye kikombe. Funga shaba kwa uzi, ihamishe ndani ya sekunde 2, funika. Lakini ikung'ute kwanza: gramu 1 tu ya maji ya moto huingiza karibu J 290, na jibu litazidi! Tena tumia maji g 50, mradi shaba izame yote. Joto litapanda karibu nyuzi 6, kwa hiyo kosa la nusu nyuzi kwenye kipimajoto halitakuumiza kama sasa.

Muulizaji: Asanteni, narudia na g 50.

Jibu 3: Koroga taratibu, chukua kipimo cha juu kabisa.