Mtu mzima akikusimulia aliyotendewa utotoni, uripoti au uitunze siri?

Ndugu zangu, hili tulijadili bila kumung'unya maneno. Dada wa miaka thelathini na kitu anamsimulia mshauri nasaha kwamba mjomba wake alimwingilia akiwa darasa la nne. Anamaliza kwa ombi: "Nakusihi, usimwambie mtu." Mjomba yu hai. Siku hizi anafundisha tuisheni, watoto wa mtaa wanakaa mkekani barazani kwake kila jioni. Mshauri afanyeje?

Wengi husema siri ni ya mwenyewe, aachiwe. Nusu ya hoja hiyo naikubali. Kesi ni ya dada huyu, na kumburuza polisi asipotaka ni kumnyang'anya tena uamuzi juu ya mwili wake. Madawati ya Jinsia na Watoto ya polisi yapo, lakini anayefika kituoni anaweza kujikuta anaanza kujieleza kaunta, foleni nzima inasikia, kisha anaulizwa PF3, ile fomu ya polisi ya uchunguzi wa daktari. Jambo la miaka ishirini iliyopita, daktari ajaze nini kwenye fomu hiyo?

Ila wale watoto wa mkekani hawajui lolote, na jioni watarudi palepale. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aziripoti kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Kwa kuwa aliyesimulia si mtoto tena, msikilizaji anajiona hahusiki, na mambo yanaishia hapo.

Mimi nataka mwongozo usemao wazi: mtuhumiwa akiwa bado anakaa karibu na watoto, afisa ustawi wa jamii aarifiwe, hata kama msimuliaji hataki, na jina lake lisitajwe. Na aambiwe sharti hilo kabla hajaanza kusimulia. Akishamwaga moyo ndipo umwambie, umemsaliti. Pasipo na mtoto hatarini, aamue mwenyewe. Jimbo la New South Wales, Australia, lilifanya kuficha unyanyasaji wa watoto kuwa kosa la jinai mwaka 2018, lakini likamwachia udhuru msikilizaji ambaye aliyetendewa ni mtu mzima na hataki jambo liripotiwe. Naona udhuru huo ni mpana mno.

Kuna wanaouliza, "Mbona alinyamaza miaka yote? Anataka kumchafulia mzee wa watu jina." Kuripoti si kuhukumu, afisa atachunguza. Na kunyamaza ndiyo kawaida. Tume ya Kifalme ya Australia, iliyochunguza unyanyasaji wa kingono wa watoto katika taasisi kuanzia 2013 hadi 2017, ilikuta manusura waliofika mbele yake walikaa wastani wa miaka 23.9 kabla ya kusema. Kwetu Tanzania, utafiti wa kitaifa wa 2009 uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24: karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Vijana hao leo ni wazazi wenye watoto shuleni. Wanaume miongoni mwao ndio nawahofia zaidi, maana mwanaume akisema anachekwa.

Panaponikwamisha ni kwa padri aliyeyasikia kwenye kitubio. Je, naye abanwe na mwongozo huu? Masheikh, wachungaji, walimu na maafisa ustawi mnaopokea habari hizi, huwa mnafanyaje?