Maelezo ya wateja na akili mnemba: laptopu yangu, huduma ya mtandaoni au seva ya kukodi?

Nyakato_MK
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Mwanza. Kesi zangu nyingi ni mirathi, matunzo ya watoto na ukatili wa majumbani. Kwa siku nasikiliza watu wanne au watano, naandika daftarini, usiku nafupisha kwa ajili ya wakili. Wiki iliyopita mwenzangu alinionyesha anavyorahisisha kazi: alibandika maelezo yote ya mama mmoja kwenye huduma ya bure ya akili mnemba. Jina, kijiji, namba ya NIDA, hadi alichofanyiwa na mumewe. Muhtasari ulitoka mzuri, lakini mimi usiku ule sikulala.

Nina laptopu ya RAM GB 16, haina kadi ya michoro. Naombeni mnilinganishie njia tatu: modeli (yaani programu yenyewe ya akili mnemba) ndani ya laptopu yenyewe, huduma ya mtandaoni ya kulipia, au seva ya kukodi, yaani kompyuta ya mbali ya kampuni nyingine. Kazi zote ni za Kiswahili.

Fundi_Sinza
Dada Nyakato, laptopu hiyo inatosha kuanzia. Weka Ollama, programu ya kuendeshea modeli ndani ya kompyuta yako, kisha pakua modeli. Llama 3.1 ya vigezo bilioni 8 (vigezo ni namba za ndani ya modeli, zinazoonyesha ukubwa wake) ina karibu GB 5, kwa hiyo tafuta bando la usiku. Ikishaingia, zima Wi-Fi kabisa, halafu uiulize swali. Ikikujibu utakuwa umejionea mwenyewe kwamba haihitaji mtandao. Bila kadi ya michoro itajikongoja. Ipe ukurasa mmoja, nenda kachemshe chai.

Shida ni Kiswahili chake. Modeli hizi ndogo zimelishwa Kiingereza kwa wingi, na unaliona hilo mara moja: ngeli zinavurugika, na mara nyingine inaongeza jambo ambalo mteja hakulisema. Kwangu modeli nyingine, Gemma 2 ya vigezo bilioni 9, imekuwa afadhali, ila sipeleki kitu kwa mtu bila kukisoma neno kwa neno.

Bin_Seif
Naona mnairuka seva. Ofisini kwetu Mombasa tuko sita, tumekodi mashine yenye kadi kubwa ya michoro. Tunaendesha modeli ambayo laptopu haiwezi hata kuinyanyua, na Kiswahili chake kimenyooka. Twalipa kwa dola, twaiwasha saa za kazi tu.

Mwanahawa_K
Bin Seif, kaka yangu, mashine si yenu. Modeli inaposoma maelezo, kwenye seva za kawaida za kukodi yako wazi ndani ya kumbukumbu ya kompyuta ya mtu mwingine. Kwa kutafsiri vipeperushi sina neno. Kwa mama aliyepigwa, hapana.

Kuhusu huduma ya kulipia: kuzima kile kitufe cha kutumia mazungumzo yako kufundishia modeli hakumaanishi kwamba hayahifadhiwi. Machi 2023 hitilafu ya ChatGPT iliwaonyesha baadhi ya watumiaji vichwa vya mazungumzo ya watu wengine. Mei 2025 mahakama ya Marekani, katika kesi ya gazeti la New York Times dhidi ya OpenAI, wenye ChatGPT, iliiamuru kampuni hiyo itunze hata mazungumzo ambayo watumiaji walikwishayafuta. Ukifuta wewe, anayeamua kama kimefutika ni mwingine, tena yuko ng'ambo.

Na tusiisahau sheria. Kenya tunayo ya 2019, Tanzania mna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Zote zinaweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Dada Nyakato, yule mama ana haki ya kujua.

Bin_Seif
Hoja ya kumbukumbu naikubali. Majina sisi twayaondoa kwanza, lakini kweli, kijiji na kisa peke yake vyaweza kumtaja mtu.

Fundi_Sinza
Niongeze kosa langu. Nilitaka kuitumia modeli ya laptopu kupitia simu, nikabadilisha mpangilio wa OLLAMA_HOST, unaoamua Ollama isikilize anwani ipi, uwe 0.0.0.0, yaani anwani zote. Kwa kawaida Ollama inasikiliza kompyuta yenyewe tu, 127.0.0.1. Baada ya badiliko hilo, yeyote aliyekuwa kwenye Wi-Fi ya ofisi angeweza kuitumia kupitia mlango wake wa mtandao (port) 11434, kwa sababu haiombi nywila. Ilikaa hivyo wiki mbili. Usiuguse mpangilio huo.

Pia funga diski nzima kwa nywila, kwa programu kama BitLocker au VeraCrypt. Mazungumzo na modeli hubaki ndani ya laptopu, na laptopu huibiwa kwenye daladala.

Mwanahawa_K
Na simu! Kama unarekodi sauti za wateja, angalia kama haijipeleki yenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni. Ujumbe wa WhatsApp umefungwa njiani asiusome mtu mwingine, lakini nakala rudufu inayokwenda Google Drive haifungwi kwa kiwango hicho mpaka uiwashe mwenyewe. Uwezo huo upo tangu 2021, na watu wengi ninaowafahamu hawajauwasha.

Nyakato_MK
Nimerudi. Nimeweka Gemma, nimezima Wi-Fi, nimeipa kesi ya mirathi ya zamani. Nimeandika Mteja A, Mteja B. Majina halisi yako kwenye daftari ndani ya kabati lenye kufuli. Imechukua dakika kama nne. Muhtasari unasomeka, ila "mke mdogo" wa marehemu imemgeuza kuwa "mdogo wa mke". Kwenye mirathi hapo mtu ameshapoteza nyumba. Basi nitaitumia kupanga tarehe na matukio tu. Undugu nitauandika kwa mkono wangu.

Mwenzangu amefuta yale mazungumzo, kwa kadiri yanavyofutika. Kesho asubuhi tunakwenda wote wawili kwa yule mama tumweleze kilichotokea, na tumuulize anataka tufanye nini.