Kadi ya bangi ya matibabu Pennsylvania: nimetoa hela, nimezungushwa miezi mitatu, kumbe mwenye grini kadi hatakiwi hata kuigusa

Wakuu habari za usiku. Mods naombeni msiuunganishe huu uzi na ule wa maisha ya Marekani maana utazama huko, na kuna watu nataka wausome kabla hawajatoa hela zao. Naandika nikiwa nimefura, mpangilio mtanisamehe.

Nipo Pennsylvania mwaka wa nne sasa, niliingia kwa DV (ile bahati nasibu ya grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu), kazi yangu kulea wazee zamu ya usiku. Bi mkubwa naishi naye mimi. Aliyemleta ni kaka yangu kwa sababu yeye ndiye raia, ila yeye yupo Ohio na ni dereva wa trela, kumpata nyumbani ni bahati. Mama akagundulika na kansa ya titi, akaanzishiwa kemo kila wiki tatu, na kama kuna mtu humu amewahi kuuguza mtu wa kemo anajua siku ya tatu inavyokuwa. Hali kitu. Namtengenezea uji wa ulezi mwepesi, nakamulia ndimu kama anavyopenda, anaupiga kijiko kimoja halafu analisukuma bakuli polepole na kidole kama vile sitaona. Vidonge vya kichefuchefu vya kawaida vimegonga mwamba.

Daktari wake wa kansa akasema tujaribu bangi ya matibabu, jimbo linaruhusu tangu 2016 gavana Tom Wolf aliposaini sheria, kansa ipo kwenye orodha ya magonjwa, na hata selimundu ipo (nawaambia wenye watoto wenye selimundu mjue). Ila yeye mwenyewe hawezi kunithibitishia. Huku daktari haandiki bangi kama anavyoandika amoksilini, kwa sheria ya serikali kuu hairuhusiwi, anachofanya ni kuthibitisha tu kwamba mgonjwa ana ugonjwa fulani, na anayethibitisha lazima awe amepitia mafunzo ya saa nne na kusajiliwa na jimbo. Wa kwetu hajasajiliwa. Akanipa kikaratasi, katafute.

Nikatafuta mtandaoni, nikaangukia kwenye kampuni moja siitaji, tangazo lao linasema dakika 15 umemaliza. Dola 150, bima hailipi hata senti na usitegemee ilipe. Siku ya video mama kaoga, kavaa baibui lake la Idi, kakaa wima kwenye kochi kwa sababu anaonana na daktari. Jamaa anatokea yupo ndani ya gari!! Anauliza maumivu na kichefuchefu ukivipa alama moja hadi kumi ni ngapi. Natafsiri. Mama anajibu, "Alhamdulillah, sijambo." Sasa wewe uliyezaliwa uswahilini unajua mtu mzima akiulizwa hali na mgeni atajibu nini, anaweza kuwa anakata roho atakwambia hajambo. Daktari akaniuliza sasa kama hajambo tunafanya nini hapa. Ikabidi nimsihi mama kwa Kiswahili, mama wee mwambie ukweli, naye ananijibu taratibu, "Mwanangu, nimlilie mtu sijui hata jina lake?" Dakika nne, simu imekatwa, cheti kimepita.

Na hapo ndipo sarakasi ilipoanza. Kwenye tovuti ya jimbo jina na tarehe ya kuzaliwa vya mgonjwa lazima vifanane herufi kwa herufi na kitambulisho cha jimbo na cheti alichoingiza daktari. Mama ana majina matatu kama wabongo wote, kampuni ikaandika mawili tena ikayageuza, jina la babu likakaa mwanzo. Tarehe nakiri ni kosa langu, niliwajazia fomu kibongo, 04/09 nikimaanisha mwezi wa tisa, wao wakasoma Aprili. Mfumo unasema mgonjwa huyu hayupo. Nikapiga kastama kea, eti kurekebisha ni dola 40. Jina mlilogeuza ninyi nalipia mimi! Nikalipa, ningefanyaje, siku hiyo mama ana siku mbili hajala. Wiki tatu na ushee marekebisho yakaonekana, ndipo nikalipa dola 50 za kadi yenyewe (wenye Medicaid au SNAP, yaani bima ya afya na msaada wa chakula wa serikali kwa wenye kipato kidogo, wanapata nafuu kwenye hii, ulizeni kwanza, msikimbilie kulipa).

Sasa mama hawezi kwenda mwenyewe dukani, ngazi tu za nyumba zinamshinda. Wao duka wanaliita dispensari, usije ukadhani ni zahanati ya kata utakuta mama anagawa panadol, kuna mlinzi mlangoni, wanakagua kadi, na wanataka keshi au kadi ya benki, kadi za mkopo hazifanyi kazi. Ili mtu mwingine amchukulie lazima asajiliwe kama keagiva, yaani mwangalizi wa mgonjwa, awe na miaka 21 kwenda juu, awe na kitambulisho cha jimbo hilihili (kaka kwa hiyo nje), na achukuliwe alama za vidole wachunguze rekodi zake. Nikaenda. Mashine haisomi vidole vyangu. Miaka minne ya sanitaiza na kunawa kila baada ya mgonjwa, ncha za vidole zimelainika kama sabuni iliyoisha. Yule dada akanipaka losheni, akabonyeza kidole gumba changu mpaka kikauma, wapi. Rudi wiki ijayo.

Hiyo wiki ijayo ndiyo imeniokoa, na ndiyo sababu ya uzi. Kazini nikamsimulia mwenzangu mmoja Mkenya, akaacha alichokuwa anafanya akaniangalia, "Dadangu, wewe si bado uko kwa grini kadi? Umeongea na wakili?" Nikasema wakili wa nini, ni halali, jimbo lenyewe ndilo linatoa kadi. Nikaenda kwa wakili kesho yake, na alichoniambia nakiweka hapa kwa kifupi.

Halali ya jimbo si halali ya uhamiaji. Uhamiaji ni wa serikali kuu na huko bangi ni haramu, kadi ya jimbo hawaitambui. Tarehe 19 Aprili 2019 USCIS, idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani, walitoa mwongozo kabisa, kwamba kujihusisha na bangi, hata kumiliki tu, hata kama jimbo lako limeruhusu, kunaweza kukukosesha uraia kwa kigezo cha tabia njema. Mwaka huohuo kule Denver wahamiaji waliokuwa wameajiriwa kwenye biashara halali za bangi walikwama kwenye uraia. Na keagiva ni nani kama si mtu anayeimiliki, anayeibeba kwenye gari, anayeipima nyumbani, halafu amesajiliwa kwa jina na alama za vidole? Mimi mwakani nafungua faili la uraia, wanaangalia miaka mitano nyuma. Mama mwenyewe naye, anataka kemo ikiisha aende Tanga akaone kaburi la mzee, afisa wa mpakani akimuuliza wakati wa kurudi kama ametumia bangi na akajibu ukweli kwamba ametumia (na atajibu, namjua), anaweza kuzuiwa kuingia.

Hivi haya maandishi yalishindikana kuwekwa wapi? Nimejaza fomu kurasa na kurasa, nimeulizwa kila kitu, hakuna mahali mtu amesema kama wewe si raia simama hapo kwanza. Kampuni wao wanaona pasipoti ya Tanzania, wanaona grini kadi nimewatumia mimi mwenyewe, wanachukua 150, wanachukua 40, kimya.

Na bado sijafika kwenye kinachoniuma zaidi. Muuguzi mmoja wa pale kwenye kemo, mama mtu mzima, aliposikia akashangaa, akaniuliza mbona hamkuomba dronabinol? Wakuu, kuna kapsuli, ni THC (kile kilevi cha kwenye bangi) ya kutengenezwa maabara, FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, waliipitisha 1985 kwa kichefuchefu cha kemo. 1985, sikuwa nimezaliwa! Daktari wa kawaida anaiandika, unaichukua famasi ya kawaida, halali kwa serikali kuu, haina kadi wala vidole wala keagiva. Wakili nimemuuliza, akasema dawa uliyoandikiwa kihalali ni habari nyingine kabisa. Daktari wa kansa nilipomtajia alisema "ndiyo, hilo nalo lipo". Lipo! Nimezunguka miezi mitatu na kilo za mama zinapungua, halafu lipo.

Ameanza wiki iliyopita. Anasema inamlewesha kidogo jioni, juzi alicheka peke yake akiangalia tangazo la godoro. Jana amekula nusu sahani ya wali na mchuzi wa samaki. Sisemi imeponya kitu, nasema amekula.

Kadi yenyewe imefika kwa posta, picha ya mama na ushungi wake. Ameniuliza, "Hii si ndiyo wanayovuta wale vijana wa kijiweni?" nikamwambia ndiyo mama, akaitia kwenye kopo la biskuti pamoja na vifungo na nyuzi. Inaisha mwakani na sihuishi.

Sasa swali langu, kuna aliyewahi kurudishiwa hela na hizi kampuni za daktari wa video? Nimeandika imeili tano, najibiwa na roboti ananiuliza kama ningependa kumuunga mwanafamilia mwingine kwa punguzo.