Naomba ushauri: antena ya bendi ya mita 40 juu ya paa la ghorofa, Umoja

Habari zenu wadau. Nimeshapata leseni ya redio ya ridhaa, sasa nataka kufunga kituo nyumbani, ghorofa ya juu kabisa huku Umoja. Antena naitengeneza mwenyewe: daipoli (antena ya mikono miwili inayolishwa katikati) ya waya wa shaba, ya bendi ya mita 40, yaani mawimbi yenye urefu wa mita 40 hivi. Ukigawanya 143 (namba ya kanuni ya urefu wa daipoli) kwa masafa ya 7.1 MHz unapata waya wa kama mita 20, yaani 10 kila upande. Shida ni paa. Lina mita 14 tu, limejaa kamba za nguo na matangi ya maji, na mwenye nyumba ameniruhusu mlingoti mmoja pekee.

Nafikiria kuinua katikati, nishushe pande mbili kama V iliyopinduliwa, kisha nikunje ncha. Je, SWR (kipimo cha jinsi antena inavyolingana na redio) itaharibika sana, au bora nitengeneze ya bendi ya mita 20, ambayo waya wake ni mita 10 tu? Ncha zenyewe zinanitia wasiwasi, kwani zina volti kali wakati wa kurusha na watoto hucheza pale juu.

Halafu kuna kelele za chaja na taa za LED za majirani. Jioni stesheni dhaifu hazisikiki kabisa. Na waya wa ethi (wa kupeleka umeme ardhini) mnaushushaje kutoka orofa ya tano? Aliyewahi kufunga kwenye ploti kama hizi tafadhali anieleze.